Somo la Mawifi Wawili

Wanachuo walimpa jina la Bi Nadharia, naye alijua, wala hakukasirika. Katika chuo kile cha ualimu yalikuwepo majina ya utani yaliyomganda mtu mpaka akastaafu nayo, mengine ya aibu tupu, na lake angalau lilikuwa na adabu. Alifundisha namna binadamu anavyojifunza: jinsi thawabu na adhabu zinavyomjengea mtoto tabia, jinsi mtoto anavyoiga wakubwa, jinsi akili inavyojitengenezea maarifa yake yenyewe. Mambo hayo aliyajua kama mtu anavyoujua mlango wa nyumba yake gizani.

Akiingia darasani hakusalimia. Aliweka mkoba mezani, akafuta ubao hata kama ni msafi, akageuka na kusema, "Andikeni."

"Mwanafunzi si debe tupu la kujazwa maji, nukta. Mwanafunzi hujijengea maarifa kwa kutenda, mkato, kwa kuuliza, mkato, na kwa kukosea, nukta. Rukeni mstari."

Darasa zima liliinamisha vichwa na kuandika. Aliyethubutu kunyoosha mkono katikati ya imla alitazamwa kwanza, kimya, mpaka mkono ukaanza kushuka wenyewe. Akishikilia kuuliza, aliambiwa, "Hilo si swali, hiyo ni kelele. Kaa chini, unatuchosha." Wapo waliomaliza chuo bila kuuliza chochote, wakafaulu vizuri tu.

Mtu mmoja alikuwa akimcheka waziwazi, na mtu huyo alikuwa wifi yake.

Uadui wao ulianzia kwenye kabati. Mama yake alipofariki, Bi Nadharia alikuwa msichana mkubwa na mdogo wake wa kiume alikuwa bado anang'oka meno ya utoto. Alimlea yeye, akamwogesha, akamsomesha, akakataa wachumba kwa ajili yake, au ndivyo alivyopenda kusimulia. Mdogo mtu alipokuja kuoa hakumuuliza dada yake. Alimleta mke nyumbani kama mtu aletavyo mkate, keshaununua, kazi ya wengine ni kula. Na bi harusi, kabla hata hajajua swichi ipi ni ya taa ipi, alilitoa sebuleni kabati la vyombo la marehemu mama mkwe wake, maana mchwa walikuwa wamelila mgongo, akalisukuma uani. Bi Nadharia alipokuja kutembea akakuta kuku wanataga ndani, kwenye rafu ile ile ambayo mama alikuwa akipanga vikombe vya wageni.

"Wifi," alisema, "kwenu vyombo vya marehemu huachiwa kuku?"

"Kwetu, wifi, marehemu huzikwa," yule akajibu. "Hatuwaweki sebuleni."

Tangu hapo Bi Nadharia hakukanyaga tena kizingiti cha mdogo wake. Akiwa na neno alisimama nje kwenye lango na kumwita kwa simu. Mdogo mtu, ambaye alikuwa fundi wa redio na televisheni, alitoka na bisibisi mkononi, akasikiliza, akaitikia "ndiyo dada," akarudi kwenye waya zake. Alikuwa na uwezo wa kutengeneza kila kitu isipokuwa hicho.

Sasa mkuu wa chuo, mwanamume mwoga wa ugomvi kama paka na maji, na kwa sababu hiyo alikuwa akiusababisha kila mara, aliajiri mkufunzi mpya. Chuo kilikuwa kimepewa vishikwambi, projekta na spika, na alitakiwa mtu wa kuwafundisha walimu watarajiwa kutengeneza hadithi za kidijitali. Asubuhi moja mlango wa chumba cha walimu ukafunguliwa, mkuu akaingia, na nyuma yake wifi, kavaa miwani mipya.

"Nadhani mnafahamiana," mkuu akasema.

"Sana," wakajibu kwa pamoja. Lilikuwa neno lao la mwisho kukubaliana kwa muda mrefu.

Wanachuo hawakukawia kuipata habari. Kesho yake ubaoni palikuwa pameandikwa kwa chaki ya rangi: *Chuo kimepata wifi, lakini haishiki.* Bi Nadharia aliyafuta maneno hayo bila kugeuka. Mgongo wake ulivyokakamaa, hakuna aliyecheka.

Kazi ya wifi haikuwa ngumu kuieleza. Mwanafunzi anachora au anapiga picha, anazipanga kwa mfuatano, anarekodi sauti yake akisimulia, anaongeza maandishi na muziki kidogo, na kinachotoka ni kisa kifupi cha kutazama na kusikiliza. Wanachuo waliipenda. Mabweni yalijaa watu wanaoongea peke yao mbele ya vioo vya vishikwambi, wakirudia sentensi moja mpaka ikae sawa. Bi Nadharia aliziita sinema za chekechea.

Lakini msimpake wifi asali. Naye alikuwa na sumu yake, tena ya sukari. Sauti yake ilikuwa laini, na kazi mbovu hakuitolea hata neno. Alicheka kidogo kwa puani, akakitwaa kishikwambi cha mwanafunzi na kukilaza kifudifudi mezani, kama mtu anayefunika maiti uso. Kisha akasogea kwa mwingine. Kuna waliokiri afadhali matusi ya Bi Nadharia, kwa sababu matusi unaweza kuyajibu moyoni.

Ndipo mkuu akaunganisha masomo yao yakawa moja. "Nadharia bila zana ni maneno matupu," aliwaambia, "na zana bila nadharia ni mwanasesere." Sentensi hiyo aliipenda mno, ilionekana alikuja nayo kutoka nyumbani. Hakungoja majibu, akakumbuka ana kikao.

Siku ya kwanza walianza kurushiana mbele ya darasa.

"Watamaliza nadharia zote kwanza," Bi Nadharia alisema. "Ndipo waguse mashine."

"Hakuna aliyejifunza kuogelea kwa kuandikishwa imla ya maji."

"Na anayetupwa mtoni bila kufundishwa hujifunza nini, wifi? Kuzama."

"Wanaozama angalau wameyaona maji."

Wanachuo waligeuza shingo huku na huku kama wanaotazama mpira. Muda si muda walijigawa wenyewe. Upande wa kushoto walikaa watu wa ubao, upande wa kulia watu wa kioo, na katikati ikabaki njia ambayo hakuna aliyeipita bila kupigwa kijembe. Walijifunza kupeleka maneno. Walijifunza kwamba ukimpelekea Bi Nadharia kosa la wifi, unapata alama, na ukimpelekea wifi kosa la Bi Nadharia, unapata kishikwambi kizuri chenye betri inayodumu. Kwa hesabu ya thawabu na adhabu, kozi ile ilikuwa inafundisha kikamilifu.

Aliyefaidi kuliko wote alikuwa msichana waliyemwita Kasuku. Alikuwa na kumbukumbu ya ajabu. Imla aliirudisha neno kwa neno, na nukta zake, na hapo hapo alikuwa stadi wa vishikwambi. Kwa hiyo alikubalika pande zote mbili, na kila wifi alimhesabu wake. Jioni bwenini aliwaigiza walimu mpaka wenzake wakaangukia vitanda kwa kicheko.

Mdogo mtu alijaribu kusuluhisha mara moja. Alimfuata dada yake chuoni, akamkuta anasahihisha.

"Dada, mko chumba kimoja kutwa nzima. Hamwezi hata kuvumiliana?"

"Mwambie mkeo."

"Yeye ananiambia nikwambie wewe."

"Basi una kazi nyingi," alisema, bila kuinua kalamu. "Nenda ukapumzike."

Ulipofika wakati wa mazoezi ya kufundisha, Kasuku alipangiwa shule ya msingi iliyopakana na chuo, akafundishe somo la hadithi za kidijitali. Kwa kuwa kozi ilikuwa ya wawili, wakaguzi walikuwa wawili. Waliwekewa benchi moja la watoto mwisho wa darasa, magoti yakawafika kidevuni, na Bi Nadharia akauweka mkoba wake katikati yao kama jiwe la mpaka.

Somo lilianza vizuri. Kasuku aliwaambia watoto wasimulie jambo lolote waliloliona nyumbani, wachore picha, kisha waseme, na kishikwambi kitashika sauti zao. Darasa lilichangamka. Hata Bi Nadharia alijikuta ananyoosha shingo kutazama michoro.

Mbele karibu na dirisha alikaa msichana mdogo mwenye sweta lililotoboka kiwiko. Alipofikiwa alisimama na kishikwambi chake, akaanza.

"Mlango wetu wa choo uliondoka na upepo. Baba akaukimbilia. Halafu… hapana, kabla ya hapo, bibi alikuwa ndani ya choo. Halafu baba akarudi na mlango, akawa ameushika, ameugeuzia uso kule, na bibi anamwambia usigeuke. Halafu mvua. Halafu nimesahau, kabla ya mvua kulikuwa na jirani…"

Watoto walianza kucheka, kicheko kile kizuri cha kutaka zaidi. Mtoto mwenyewe macho yalikuwa yanang'aa, anautafuta mwisho wa kisa chake kama mtu anayetafuta kiatu chini ya kitanda, anajua kipo.

Kasuku alimtazama kimya. Alimtazama mpaka sauti ya mtoto ikaanza kushuka yenyewe.

"Hiyo si hadithi," akasema. "Hiyo ni kelele. Kaa chini, unatuchosha."

Kisha akacheka kidogo kwa puani, akakitwaa kishikwambi mkononi mwake, akakilaza kifudifudi mezani na kusogea kwa mwingine.

Watoto wakacheka tena, safari hii kicheko kingine. Yule msichana alikaa, akaziba mdomo kwa kiganja, na hakukiondoa mpaka kengele ilipolia. Waliofuata walisimulia visa vifupi, vilivyonyooka, visivyo na mtu ndani.

Kule nyuma kwenye benchi hakuna aliyeandika kitu. Wifi ndiye aliyeinama kwanza juu ya mkoba.

"Mwenye maneno yale namjua," alinong'ona.

"Na mkono ule uliofunika kioo?" Bi Nadharia alisema akiwa ameuma meno. "Nao ni wa nani?"

Walimkuta Kasuku barazani, anangoja sifa. Alikuwa na furaha ya mtu aliyefanya kila alichofundishwa. Bi Nadharia alimvaa.

"Umemnyamazisha mtoto."

"Alikuwa anapotea, mwalimu. Nilimrudisha kwenye mstari."

"Kwa kumwambia anapiga kelele?"

Kasuku alimtazama, akamtazama na wifi, kama mtu anayeulizwa kwa nini amevaa viatu miguuni. Hakuwa na kejeli hata chembe. "Lakini mwalimu," alisema, "sisi ndivyo tunavyorudishwa."

Wifi aligeukia uwanjani. Kilichomjaa Bi Nadharia si majuto, maana hakuwa mtu wa majuto. Kilikuwa hasira, na hasira ile ilizunguka baraza nzima ikitafuta pa kutua. Alitaka kumkasirikia Kasuku, akakosa pa kumshikia. Kwa miaka chungu nzima alikuwa ameandikisha kwa mdomo wake mwenyewe kwamba mtoto huiga kile anachoona kinampa mkubwa heshima. Alikuwa ameandikisha na mkato wake. Hakuwahi kudhani kwamba wapo waliokuwa wanamsikiliza.

Wakati wa mapumziko alimfuata yule msichana kwenye bomba la maji. Hakuwa na desturi ya kuongea na watoto, alizoea kuongea juu ya watoto. Alisimama pembeni mpaka mtoto akamaliza kunywa.

"Ile hadithi yako," alisema. "Jirani alifanyaje?"

Mtoto alitazama viatu vyake. "Hakuna hadithi."

"Ilikuwepo. Mimi niliisikia."

"Ilikuwa kelele," mtoto akasema, akajifuta mdomo kwa mkono wa sweta, akaenda zake.

Ugomvi wa alama ulianza kwenye geti la shule.

"Anaanguka," wifi alisema. "Tena vibaya. Asisogezwe karibu na watoto."

"Haanguki."

"Wifi, umeona mwenyewe. Au kwa kuwa ni kipenzi chako?"

"Ni kipenzi chako vilevile. Alifundishwa, akafundisha alichofundishwa. Kosa lake liko wapi hapo?"

"Basi tukuangushe wewe."

"Twende wote, nitakushika mkono. Nyani haoni kundule."

"Nyani yupi? Mimi sijamwambia mtoto wa mtu kelele."

"Wewe unawazika hai na hata matanga huweki."

Walikuwa wakitembea na hawakujua. Walipita duka la vitabu, wakapita kituo cha mafuta, watu wakiwapisha njia. Walibishana kama kuiga ni kujifunza au ni kubeba tu. Walibishana kama mtoto akirekodi kisa chake kabla ya kukinyoosha anajenga kitu au anatapanya. Wifi alishikilia kwamba sauti ya kwanza ya mtoto lazima ishikwe jinsi ilivyo, na mafundo yake, ndipo asikilize mwenyewe na kurekebisha. Bi Nadharia akamwambia hilo ndilo alilokuwa akiliandikisha miaka yote. Wifi akamuuliza kama aliwahi kulisikia mwenyewe alipokuwa akiliandikisha. Lilimchoma mpaka akatazama pembeni, na hapo akaona yuko sebuleni kwa mdogo wake, amekaa kwenye kochi, viatu kavua.

Mdogo mtu alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha ndani, chuma cha kuchomelea waya kinafuka moshi mkononi. Alikuwa anamtazama dada yake kama anayeona mzuka.

"Usituangalie," wote wawili wakamwambia, na akafunga mlango.

Haikuwa suluhu. Bi Nadharia hakunywa hata maji ya nyumba ile, na alipoinuka alitupa jicho ukutani, pale palipokuwa na kabati, akasonya kwa sauti ya kusikika. Lakini walikuwa wamepata kitu cha kugombania kisichokuwa marehemu, na kabla ya kutoka walikuwa wameamua. Kasuku atarudia somo, darasa lile lile. Na wao hawataingia.

Siku hiyo ilipofika walikaa kwenye benchi nje, chini ya dirisha, kila mmoja mwisho wake. Ndani hawakuona vizuri. Walisikia Kasuku akikaa chini pamoja na watoto, maana sauti yake ilitoka chini. Walimsikia akimwambia mtu kwamba juzi alimkatiza na hakutakiwa kumkatiza, na kwamba angependa kujua jirani alifanya nini. Somo likaendelea. Watoto wengine walisimulia, wakaanza kuchanganya habari zao, halafu, halafu, kabla ya hapo, na hakuna aliyewazuia. Karibu na mwisho wifi alisimama, akachungulia.

"Yule mtoto amechukua kishikwambi," alisema. "Ameenda kwenye kona, kaupa ukuta uso. Anaongea."

"Anasema nini?"

"Nitajuaje? Si niko nje kama wewe."

Kasuku alipotoka na vishikwambi kifuani, Bi Nadharia alinyoosha mkono. "Tusikilize cha yule msichana."

"Hapana, mwalimu. Nimemwahidi nitasikiliza mimi tu."

"Sisi ndio tunaokupa alama," wifi alisema, na ule ulaini wa sauti haukuwepo.

"Basi nipeni mnazoona zinafaa."

Alisema hivyo akiwatazama usoni, na hakuwa akimwiga mtu yeyote. Hawakuwa wamezoea. Wifi alimpa alama za chini kwa ujeuri, Bi Nadharia alimpa za juu kwa sababu wifi amempa za chini, na Kasuku akafaulu kwa wastani wa chuki yao. Alipangiwa kazi mbali, hakurudi kusalimia.

Muhula uliofuata Bi Nadharia aliendelea kuingia bila salamu na kusema "Andikeni." Mkono ukinyooshwa, aliweka chaki chini. Uso wake haukumkaribisha mtu. "Uliza," alisema, "na usinipotezee muda." Lakini alingoja swali liishe. Wifi naye aliendelea kucheka kwa puani, ila mikono aliifunga mgongoni, kama mtu aliyekatazwa na daktari. Upande wa ubao na upande wa kioo walikaa walivyotaka. Mkuu wa chuo alijisifu kwenye vikao kwamba muungano ule ulikuwa wazo lake.

Kile alichokisema mtoto ukutani hawakukijua. Jioni moja walitoka chuoni pamoja, wakibishana juu ya mtihani, na wifi akasema ghafla, "Labda jirani naye alikuja na mlango wake."

"Usimtungie mtoto wa watu," Bi Nadharia alimjibu. "Anacho cha kwake."

"Nilikuwa nawaza tu, wifi. Hata kuwaza mtu anyimwe?"

"Wazia kwako."

Walifika njia panda, wakaachana bila kuagana.